Namna ya kujua wanafunzi wako wa chuo, wa kike na wa kiume, wanapenda kusoma nini kwa Kiingereza

Muhula wangu wa pili wa kufundisha Kiingereza chuoni niliandaa orodha mbili za vitabu. Ya kwanza niliipa kichwa "Kwa wanafunzi wa kike": hadithi za mapenzi, visa vya familia, maisha ya wanawake mashuhuri. Ya pili, "Kwa wanafunzi wa kiume": safari za hatari, michezo, vita, mashine. Niliamini nimewarahisishia kazi. Wiki iliyofuata msichana mmoja, ambaye siku zote alikaa karibu na dirisha, alibaki darasani mpaka wenzake wote walipotoka. Akaja mezani kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, naomba ile orodha nyingine." Alitaka kitabu cha meli iliyozama. Nikamuuliza kwa nini hakukiomba mapema, wakati nagawa. Akajibu, "Uliandika kwamba ni vya wavulana."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Nilikuwa nimempa ruhusa ya kusoma nusu tu ya rafu, na isitoshe nikamfanya aone haya kuomba nusu iliyobaki. Orodha zile nilizichana. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyafanya baada ya hapo, na nakuandikia wewe mwalimu mwenzangu, au wewe mwanafunzi unayetaka kufanya utafiti mdogo kuhusu jinsia na usomaji wa Kiingereza. Sikwambii tofauti hazipo. Zipo. Ninachotaka ni uzipime kwa namna ambayo haitakuongopea, kisha ujue hasa zinakuruhusu kufanya nini.

Jua unauliza swali gani

Watu huchanganya mambo matatu: nani anasoma vizuri zaidi, nani anapenda nini, na nani anaelewa zaidi kipi. Kila moja lina ushahidi wake.

Mara nyingi wenzangu hunitajia PISA, ule mtihani wa kimataifa wa vijana wa miaka 15. Ni kweli kwamba mwaka 2018 wasichana waliwashinda wavulana katika usomaji kwa wastani wa alama 30 katika nchi za OECD (umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri), na mwaka 2009 pengo lilikuwa alama 39. Lakini wale ni wanafunzi wa sekondari, na wanasoma kwa lugha wanayofundishiwa shuleni. Matokeo hayo hayakwambii kijana wa miaka 21 anayejifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni atafungua kitabu gani jioni akiwa peke yake.

Ushahidi ulio karibu zaidi na darasa letu ni wa Cindi Brantmeier wa Marekani. Mwaka 2003 aliandika juu ya wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakijifunza Kihispania katika kiwango cha kati. Waliwekewa matini mbili: moja ya pambano la ndondi, nyingine ya mama wa nyumbani aliyechoshwa na maisha yake. Wanaume walielewa zaidi ile ya ndondi, wanawake wakaelewa zaidi ile ya mama wa nyumbani. Miaka saba kabla yake, Uholanzi, watafiti Bügel na Buunk walikuwa wameonyesha jambo la aina hiyo hiyo: pengo la kuelewa matini za lugha ya kigeni kati ya wasichana na wavulana lilitokana kwa sehemu kubwa na mada, yaani na yale ambayo kila mmoja alikuwa ameshayajua na kuyajali kabla hajasoma.

Hili ni zito kwa mtungaji wa mitihani. Ukiweka matini tatu za mpira, umepima mpira pamoja na Kiingereza. Mimi sasa kila mtihani wa ufahamu naupitia kwa jicho hilo kabla haujachapishwa, na nakuomba ufanye hivyo hata kama sehemu nyingine ya mwongozo huu hutaitumia.

Uliza walichosoma juzi

Hojaji nyingi nilizoziona huanza hivi: "Unapenda aina gani ya vitabu?" halafu inafuata orodha ya visanduku. Swali hilo hukusanya taswira ambayo mtu anataka aonekane nayo. Nimewahi kuliuliza kwa kunyoosha mikono, na safu nzima ya vijana wa kiume ikanyoosha kwenye "habari za michezo" kwa mpigo mmoja. Wiki iliyofuata nikauliza kwa karatasi isiyo na jina, swali tofauti kidogo, na majibu yao yakatawanyika kila upande: upelelezi, mashairi ya nyimbo, mapishi, hadithi za mizimu, ushauri wa ndoa.

Maswali ninayotumia sasa ni haya, na nayaandika kwa lugha wanayoimudu kuliko Kiingereza, maana sitaki kupima Kiingereza chao hapa:

"Mara ya mwisho ulisoma kitu kwa Kiingereza bila kuagizwa na mtu ilikuwa siku gani? Kilikuwa nini? Ulikisoma wapi: kwenye karatasi, simu au kompyuta? Ulikimaliza? Kama hukumaliza, uliachia wapi na kwa nini?"

Halafu maswali hayo hayo kwa lugha ya kwanza. Usiruke sehemu hii. Utamkuta mtu anayemeza riwaya nzima kwa lugha ya nyumbani lakini kwa Kiingereza anasoma vichwa vya habari tu. Huyo hachukii riwaya hata kidogo. Anakwama kwenye msamiati, na dawa ya msamiati haifanani na dawa ya kukosa hamu.

Neno "kusoma" lenyewe lieleze wazi. Vijana wengi, hasa wa kiume kwa uzoefu wangu, huandika "sisomi", halafu ukikaa nao dakika tano unagundua kwamba kila usiku wanasoma maelekezo ya michezo ya kompyuta, mabishano marefu ya mashabiki, na manukuu chini ya filamu. Wanadhani kusoma ni kitabu chenye jalada gumu. Kwa hiyo kwenye karatasi naorodhesha: ujumbe, maoni ya watu mtandaoni, maneno ya nyimbo, manukuu ya filamu, maelekezo ya matumizi, katuni, makala, vitabu. Bila orodha hiyo utapata tofauti kubwa ya jinsia ambayo kwa kweli ni tofauti ya watu wanavyolielewa neno moja.

Swali la jinsia liweke mwisho kabisa wa karatasi. Ukianza nalo, mtu anajibu yaliyobaki akiwa ameshakumbushwa kwamba yeye ni "mwanamke" au "mwanamume", na majibu yanaweza kuvutwa huko. Mpe pia nafasi ya kutojibu. Badala ya jina, kila mmoja ajichagulie namba ya siri atakayoitumia pia kwenye daftari la kuazima vitabu. Waeleze wazi kwa nini unahitaji namba hiyo, ni nani ataiona, na kwamba haina uhusiano wowote na alama zao. Asiyetaka kushiriki, asishiriki, na vitabu aazime kama wenzake.

Ficha jalada

Hii ndiyo njia niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonibadilisha.

Majina ya aina za vitabu yana uzito wake. Ukiandika "hadithi ya mapenzi", wanaume wengi watairuka hata kama maudhui yake wangeyapenda. Ukiandika "hadithi ya vita", wanawake wengi wataiacha kabla ya kuigusa. Kwa hiyo ondoa majina. Kwa kila kitabu ulichonacho andika muhtasari wa maneno kama 40, bila jalada, bila jina la mwandishi, bila kutaja aina. Huu ni mfano niliouandika mwenyewe:

"Daktari amepangiwa zamu ya usiku. Mgonjwa anayeletwa saa nane ni mtu aliyeondoka mjini miaka 10 iliyopita bila kuaga. Hawezi kuzungumza. Mfukoni mwake kuna barua yenye jina la daktari huyo, na bado haijafunguliwa. Mpaka asubuhi, lazima mmoja wao aamue."

Hiyo ni ya mapenzi au ya mashaka? Kitabu chenyewe wauzaji huwa wanakiweka kwenye mapenzi. Nilipougawa muhtasari huo, wanafunzi wa kiume waliukimbilia.

Sasa fanya jambo la pili. Tengeneza nakala mbili za kila muhtasari zinazofanana neno kwa neno, isipokuwa kwamba kwenye moja mhusika mkuu ana jina la kike na kwenye nyingine la kiume. Kiswahili chetu kinasaidia sana hapa, kwa sababu "yeye" na "alikwenda" havitaji jinsia. Jina peke yake ndilo linalobadilika. Changanya nakala hizo kama karata, ugawe bila kuchagua, kila mwanafunzi apate toleo moja tu la kila muhtasari. Kisha uliza swali moja: "Ukipewa kitabu hiki sasa hivi, utakisoma?" Alama kuanzia 1 mpaka 5.

Ukilinganisha matoleo hayo mawili unaanza kuona kilichofichwa. Je, wasomaji wako wa kiume wanaikwepa mada, au wanakwepa mhusika mwanamke? Je, wa kike wanahitaji mhusika mwanamke, au wanasoma yeyote? Kwenye makundi niliyofundisha, kwa muhula zaidi ya mmoja, wasichana walipokea mhusika wa jinsia yoyote karibu sawasawa, na wavulana ndio walioyumba jina lilipogeuka. Kwako inaweza kuwa vingine. Ndiyo maana nakwambia upime darasa lako badala ya kuchukua la kwangu.

(Kama muda unakubana na huwezi kutengeneza matoleo mawili, tengeneza muhtasari mmoja mmoja tu bila jina la aina. Hata hapo utakuwa umeondoa sehemu ya upotoshaji unaoletwa na majina ya aina.)

Hesabu, kisha hesabu tena kwa upande wa pili

Hapa ndipo ripoti nyingi za wanafunzi wetu huharibika. Wacha nitumie namba za kubuni ili tuone hesabu inavyokwenda. Una wanafunzi 70: wanawake 40, wanaume 30. Wanawake 24 wamechagua hadithi za mapenzi, sawa na asilimia 60. Wanaume waliochagua ni 12, sawa na asilimia 40. Mtafiti anaandika kwa furaha: "Wanawake wanapenda hadithi za mapenzi kuliko wanaume."

Subiri. Chukua kai-mraba, kipimo cha kawaida cha jedwali kama hili. Jibu ni takriban 2.75. Ili useme tofauti ni ya kuaminika kwa kiwango cha 0.05 (yaani, kama hakuna tofauti ya kweli, bahati peke yake ingeleta pengo kama hilo si zaidi ya mara tano katika mia), ulihitaji kufika 3.84. Asilimia 60 kwa 40 zinaonekana mbali sana kwenye mchoro wa nguzo, lakini kwa darasa la watu 70 zinaweza kutokea kwa bahati tu.

Halafu jiulize swali la mwalimu, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la takwimu. Tuseme umeiamini tofauti hiyo ukagawa vitabu kwa jinsia: wanawake wote mapenzi, wanaume wote kitu kingine. Umekosea kwa nani? Wanawake 16 ambao hawakutaka mapenzi, na wanaume 12 ambao waliyataka. Jumla 28 kati ya 70. Watu wanne katika kila kumi wameshika kitabu wasichokitaka, kwa sababu tu uliangalia jinsia ukaacha kuwauliza. Hesabu hii ya "nimekosea kwa wangapi" iweke kwenye kila ripoti, hata pale kipimo kinaposema tofauti ipo.

Jambo jingine: orodha yako ikiwa na aina 15 za vitabu na ukazipima zote kwa 0.05, uwezekano wa angalau moja kujitokeza kuwa na "tofauti" kwa bahati, hata kama hakuna tofauti yoyote, unazidi nusu. Chagua kabla aina tatu au nne zinazokuhusu, au gawa 0.05 kwa idadi ya vipimo vyako. Na usiandike tu zile zilizotoa tofauti. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Janet Hyde alikusanya tafiti-jumuishi 46 (kila moja inaunganisha matokeo ya tafiti nyingi) kuhusu tofauti za kisaikolojia kati ya wanaume na wanawake, akakuta asilimia 78 ya tofauti hizo ni ndogo au karibu na sifuri. Kufanana nako ni matokeo, na wasomaji wako wana haki ya kuyaona.

Kabla hujaitaja jinsia, angalia mambo haya

Fani. Mwaka mmoja niliona pengo kubwa sana: wanaume makala za sayansi, wanawake hadithi. Nilikuwa karibu kuliandika. Kisha nikapanga karatasi zile zile kwa fani badala ya jinsia. Wanaume wengi wa kundi lile walitoka uhandisi, wanawake wengi walitoka ualimu wa lugha. Wasichana wachache wa uhandisi walichagua kama wenzao wa uhandisi, na wavulana wa lugha walichagua kama wenzao wa lugha. Pengo lile la jinsia lilinywea mbele ya macho yangu. Basi kila mara tengeneza jedwali la jinsia ndani ya fani, hata kama visanduku vingine vitabaki na watu watatu.

Kiwango cha Kiingereza. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili asome hadithi kwa raha bila msaada. Kwenye ukurasa wa maneno 300, hayo ni maneno sita tu asiyoyajua. Akijua asilimia 90, yanakuwa 30, na hapo hakuna jinsia inayosoma kwa raha. Kwa riwaya za kawaida, zisizorahisishwa, Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba zinahitajika familia za maneno (neno pamoja na maumbo yake yanayotokana nalo) kati ya 8,000 na 9,000. Wengi wa wanafunzi wetu hawajafika huko. Kwa hiyo anayesema "sipendi riwaya", mpe ukurasa mmoja apigie mstari maneno asiyoyajua. Yakizidi kumi, shusha ngazi: mpe kitabu kilichorahisishwa chenye mada ile ile, halafu muulize tena baada ya wiki mbili. Nimeona "sipendi" nyingi zikigeuka.

Unene wa kitabu na muda wa mtu, hayo nayo yaandike. Mwenye majukumu mengi baada ya masomo huchagua chembamba.

Panga rafu kwa wasomaji, siyo kwa jinsia

Day na Bamford, walioandika sana juu ya usomaji mpana (kusoma vitabu vingi vyepesi kwa kujifurahisha) katika lugha ya kigeni, wanasisitiza kwamba mwanafunzi achague mwenyewe, na awe na uhuru wa kuacha kitabu kisichomfaa. Mimi nimeufanya uhuru huo uwe kanuni ya darasa: kurasa kumi, na kama hakikushiki, rudisha, chukua kingine, hakuna maelezo.

Matokeo ya hojaji yanakusaidia kununua na kupanga. Kama wavulana wako kwa wastani wanaegemea habari za kweli, ongeza habari za kweli, kwa sababu maktaba nyingi za Kiingereza chuoni zimejaa riwaya peke yake. Lakini usiziweke kona yao. Panga kwa ngazi ya ugumu, rangi moja kwa kila ngazi, na ndani ya ngazi changanya kila kitu. Juu ya kila kitabu funga ule muhtasari wa maneno 40. Anayetafuta meli iliyozama ataikuta kando ya barua ya daktari, na hakuna atakayemtazama amesimama mbele ya rafu gani.

Unapopendekeza kitabu, pendekeza kutoka kwenye kitu alichokisoma mwenyewe. "Uliniambia ulisoma ule mjadala wa kipa aliyeumia, hiki ni cha mwanariadha aliyejifunza kutembea upya." Sentensi hiyo inamfaa yeyote aliyeusoma mjadala ule. Ukianza na "wasichana wengi wanakipenda hiki", umeshamfunga mmoja asiyekuwa kama wengi, naye hatakwambia.

Mwisho, weka kikaratasi ndani ya kila kitabu chenye mistari mitatu: namba ya siri, ukurasa ulioishia, na neno moja la sababu. Kila baada ya wiki nne vitoe vikaratasi hivyo uvipange kwa ukurasa. Kitabu ambacho watu wanne wamekiachia kwenye ukurasa wa 12 kifungue usome ukurasa huo mwenyewe. Mara nyingi utakuta aya ndefu yenye maneno magumu, au mhusika wa tatu aliyeingia bila kutambulishwa. Kiandikie maelezo mafupi ya kuvuka hapo, uyabandike ndani, ukirudishe kwenye rafu.